Pembe ya Funo na Gunia la Makala

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa darasa langu, mzaliwa wa Kibumba, alinijia baada ya somo akiwa na kitu alichokifunga ndani ya karatasi. Akakifungua juu ya meza. Ilikuwa pembe ndogo nyeusi, nyofu, isiyozidi kidole changu cha kati kwa urefu, yenye pete pete katika shina lake. Kisha akafunua kitabu chetu cha Kifaransa kwenye ukurasa wenye picha ya yule mnyama aitwaye cerf, amesimama juu ya jabali la Ulaya, na pembe zake zimetanda kama matawi ya mti mkavu. Akauliza, “Mwalimu, huyu wa kitabuni na huyu wa kwetu ni ndugu?” Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lilikuwa jema. Na, niseme kweli, kwa kuwa jibu langu halikuwa tayari.

Ni ndugu wa mbali sana. Yule wa kitabuni hudondosha pembe zake kila mwaka akaota nyingine, nazo ni mfupa mtupu. Huyu wa kwetu hazaliwi na pembe, ila zikisha kuota hakai bila hizo mpaka kufa, nazo ni ganda lililovikwa juu ya mfupa, kama za ng’ombe na mbuzi. Tena, katika Afrika nzima, wa jamii ile ya kitabuni ambao ni wenyeji wanapatikana kaskazini tu, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Kusini ya jangwa la Sahara hakuna hata mmoja. Wale waliotafsiri Zaburi walimwita ayala, na wengi wetu tumemwimba miaka mingi pasipo kumwona.

Lakini kazi aifanyayo ayala katika milima ya Ulaya, yaani kula majani na kuyageuza kuwa nyama, katika milima yetu ya Virunga inafanywa na wengine watatu. Wa kwanza ni funo mwenye paji jeusi, ndiye mwenye pembe ile: mnyama mwekundu, mdogo, uzito wake haufiki kilo 20, mwenye kwato ndefu nyembamba zimfaazo katika matope. Wa pili ni pongo, mkubwa kidogo, mwenye madoa meupe na pembe za kujisokota. Wa tatu ni nyati, ambaye hana haja ya kuelezwa. Nilimwahidi kijana kwamba nitamjibu swali lake, na lile lililo nyuma yake: kwa nini mahali pengine mlimani ni wengi, na pengine hutembea siku nzima usione hata mavi yao?

Watu wengi hudhani kwamba msitu ni msitu, na kwamba palipo na kijani pana chakula. Sivyo. Hebu tuanze mbali na kwetu, mahali ambapo jambo lilionekana waziri kabisa. Katika bahari ya Bering, kati ya Amerika na Asia, kiko kisiwa kiitwacho St. Matthew. Mwaka 1944 Wamarekani walipeleka huko ayala 29 wa nchi za baridi, wa aina ile ivutayo magari ya theluji. Hapakuwa na mbwa-mwitu wala wawindaji. Chakula chao cha majira ya baridi kilikuwa uoto mfupi wa kijivu juu ya mawe, ndugu yake ule uotao kwanza kabisa juu ya lava ya Nyiragongo ikisha kupoa. Sisi wa Goma twajua jinsi uoto huo ulivyo mvivu wa kukua. Wanyama walizaana sana, hata mwaka 1963 wakawa kama 6,000. Wakaula uoto wote mpaka jiwe. Baridi kali ikaja na theluji nyingi, na mwaka 1966 walipohesabiwa tena walikuwa 42. Hakuna aliyewapiga risasi. Waliohesabu walikuta mifupa.

Basi chakula ndicho kipimo. Ila katika milima yetu hesabu si nyepesi kama ile ya kisiwani, kwa sababu mlima mmoja una nchi nyingi, moja juu ya nyingine.

Mwaka 2019, mbuga ilipofunguliwa tena kwa wageni, nilipata bahati ya kupanda mteremko wa Mikeno kutoka Bukima pamoja na walinzi. Chini kabisa, palipokuwa na msitu mnene wa miti mingi, sasa ni mashamba ya viazi na maharagwe yaliyofika mpaka mpakani. Juu yake huanza mianzi. Mwenye kuingia ndani ya mianzi kwa mara ya kwanza hustaajabu jinsi palivyo pakavu kwa macho: giza la kijani, na chini majani makavu matupu. Mianzi huzuia jua, na pasipofika jua hapaoti majani ya kuliwa. Lakini mvua zikija, machipukizi ya mianzi hutoboa ardhi, laini na yenye lishe, na kwa majuma machache mahali palipokuwa njaa huwa karamu. Sokwe wakubwa, yaani ngagi, hushuka kwa ajili yake, na nyati vilevile.

Ukipita mianzi, karibu na mita 2,800, wafika katika nchi nyingine. Hapo husimama miti mikubwa ya Hagenia, yenye ndevu za kuvu na mashina yaliyopinda kama wazee. Haisongamani. Kati ya mti na mti jua hupenya, na chini yake huota majani mengi sana mpaka kiunoni: mbaruti wenye miiba, majani yawashayo, mimea ya kutambaa inayonata katika nguo. Mlinzi mmoja aliniambia hiyo ndiyo jikoni ya mlima. Hapo ndipo tulipoona nyayo za funo, zilizochongoka, zikiingia chini ya gogo. Yeye mwenyewe hatukumwona. Tulisikia mluzi mmoja tu na majani yakatikisika.

Juu zaidi, kupita mita 3,300 hivi, huja lobelia na senesio kubwa kama minara, na baridi ya usiku huzuia mimea isikue haraka. Majani yake ni magumu. Kisha majani mafupi na kuvu, na Mikeno hufikia mita 4,437, mahali ambapo hata mbuzi wa kwetu asingependa kufungwa.

Sasa, nyati aweza kula majani makavu na magumu kwa wingi, kwa kuwa tumbo lake ni kubwa kama pipa na chakula hukaa humo muda mrefu kikichachuka. Funo hawezi. Mwili mdogo hupoteza joto upesi na huhitaji chakula kizuri mara kwa mara, kama jiko dogo lililo wazi linalotaka kuni kavu zilizopasuliwa. Ukilitilia gogo bichi litazimika. Kwa hiyo funo huchagua majani machanga na ncha laini. Ndugu zake wa msitu wa chini, kule Ituri, huishi hasa kwa matunda yanayodondoka toka miti mirefu. Lakini juu ya volkano zetu miti ya matunda ni michache mno, na funo wa huku amejifunza kuishi kwa majani. Naona hilo ni jambo la kumheshimu. Ila heshima haimwongezei chakula: palipo na majani mororo mengi, majike hushika mimba, huwa na maziwa, na mtoto yule mmoja anayezaliwa huishi. Palipo haba, mtoto hufa kabla ya kuonekana na mtu yeyote.

Na maji? Ayala wa Zaburi anaitamani mito, lakini volkano zetu ni kama chujio. Mvua yote huzama ndani ya mawe, na mama wa Kibumba wanajua hayo kwa shingo zao. Wanyama wa juu hupata maji mengi katika majani yenyewe, yenye umande na utomvu. Chumvi ni shida kubwa kuliko maji. Upande wa Rwanda watu wa elimu wamewaona ngagi wakitoka msituni kwenda kubambua maganda ya mikaratusi ya wakulima kwa ajili ya chumvi iliyomo. Na katika mlima Elgon, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, liko pango la Kitum ambamo tembo huingia usiku gizani na kuchimba kuta kwa meno yao wapate kulamba mawe ya chumvi. Mnyama haendi palipo na majani tu. Huenda palipo na kile kilichopungua katika mwili wake.

Ndiyo maana mlima usio na miguu huwapoteza wanyama wake wa kichwani. Katika Ulaya ayala hukaa juu wakati wa joto, theluji ikija hushuka mabondeni. Mabonde yakijengwa vijiji na barabara, wanyama hufa njaa juu hata kama vilele vyote vimehifadhiwa. Kwetu hakuna majira ya theluji, lakini jambo ni lilelile. Mwaka 1969 upande wa Rwanda serikali ilikata kama hekta 10,000 za hifadhi ya volkano ili watu walime pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Zilizokatwa hazikuwa za vilele. Zilikuwa za chini, zenye udongo mwema na mianzi. Upande wetu, mwaka 2004, walowezi waliingia Kirolirwe na kufyeka kama hekta 1,500 kwa majuma machache, na baada ya hapo ukajengwa ukuta wa mawe kando ya Mikeno kuwa alama ya mpaka. Kwenye ramani hasara hizo zaonekana kipande tu. Kwa mnyama ni ghala.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri kwamba chakula peke yake chaeleza yote. Katika tambarare ya Rwindi na Rutshuru, Bourlière na Verschuren walichunguza wanyama wenye kwato wa mbuga, na katika kitabu chao cha mwaka 1960 walionyesha kwamba uzito wa wanyama kwa kila kilometa ya mraba ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Viboko wa mbuga walikuwa karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Majani yalikuwapo, walikufa kwa bunduki za askari na wawindaji katika miaka ya vita. Kwa upande mwingine ngagi, ambao msitu wao haukupanuka hata hatua moja, waliongezeka toka kama 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka 604 katika hesabu ya 2015 na 2016, kwa kuwa walilindwa mmoja mmoja kwa jina. Walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha katika mbuga hii tangu ilipoanzishwa mwaka 1925. Basi bunduki hupunguza, na ulinzi huongeza. Lakini wote wawili hufanya kazi ndani ya ua ambao chakula kimekwisha kuuchora, na ua huo waweza kuufinya pasipo kufyatua risasi hata moja.

Sisi wa Goma twaufinya kwa jiko.

Nasema sisi, maana siku ile pembe ilipokuwa mezani, mke wangu alikuwa nyumbani akipika maharagwe juu ya makala, na gunia lile lilikuja juu ya chukudu kutoka njia ya Rutshuru. Sikuuliza mti wake ulisimama wapi. Kati ya 1994 na 1996 wakimbizi wa Rwanda waliokaa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga walikuwa mamia ya maelfu, na kuni walizohitaji kila siku zilihesabiwa kwa mamia ya tani. Sehemu kubwa ilitoka ndani ya mbuga. Mwezi wa Julai 2007 ngagi wa jamaa ya Rugendo waliuawa, na mauaji hayo yalihusishwa na biashara ya makala. Vita vilivyorudi mwishoni mwa 2021 viliwajaza watu tena Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, na miti ya mteremko wa Nyiragongo ikaanguka tena. Mwenye kuwalaumu wakimbizi apike kwanza bila moto.

Mti ukikatwa chini, anayeupungukia si mwenye kuishi ndani yake tu. Jua huingia, naam, na kwa mwaka mmoja au miwili majani huota kwa wingi, hata pongo hufurahi na kushuka. Kisha huja jembe, au ng’ombe na mbuzi wanaokula yale yale majani mororo. Pongo aliyezoea kushuka hujikuta katika maharagwe ya mtu. Na hapo ndipo mtego unapomngoja.

Jumamosi moja nilikwenda Kibumba kumwona baba wa kijana yule. Jamaa ile ilikaa kambini Kanyaruchinya mpaka mwanzo wa mwaka 2025, kisha wakarudi na kuanza tena juu ya majivu. Kijana hukaa Goma kwa shangazi yake. Baba alinikaribisha vizuri, tukaketi nje, na mbele yetu Mikeno ulikuwa umevaa mawingu. Nilimwuliza habari za pembe.

“Mwalimu,” akasema, “sitakuficha. Nilitega waya mpakani, ule wa breki ya baisikeli. Pongo alikuwa akila maharagwe yangu usiku. Hakunaswa pongo, akanaswa huyo mdogo. Tukamla.”

Nikamwambia yale niliyowaambia ninyi: kwamba funo hakula maharagwe yake, kwamba huzaa mtoto mmoja tu kwa mara, kwamba waya uleule hukata mkono wa mtoto wa ngagi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wasikilizavyo wazee wenye adabu.

“Hayo nayajua, Mwalimu. Nimezaliwa hapa. Zamani tulisikia mluzi wao jioni kutoka uani. Sasa hatusikii. Lakini nami nikuulize. Mtoto wangu anasoma kwako. Pesa za shule za muhula uliopita zilitoka wapi, wadhani?”

Sikujibu. Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, penye shimo jeusi la kuchomea makala.

Wasomaji wapenzi, katika shule nyingi za sekondari za kwetu mshahara wa mwalimu husaidiwa na mchango wa wazazi. Nilirudi Goma nikiwa na hesabu moja kichwani ambayo haimo katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama: kati ya yale majani mororo chini ya Hagenia na chaki ninayoishika mkononi, hatua si nyingi.

Ziko njia, nazo zajulikana. Tangu 2007 mpango uitwao EcoMakala umewasaidia wakulima wa kando ya mbuga kupanda miti yao wenyewe ya kuchoma, mikaratusi na mingineyo, katika ardhi yao. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha Matebe, karibu na Rutshuru, kilianza kazi kwa nguvu ya maji, na ziko nyumba za Goma zinazopika leo kwa umeme huo. Si nyingi. Yangu haimo, kwa kuwa jiko la umeme hununuliwa mara moja kwa pesa nyingi, na makala hununuliwa kila siku kwa pesa kidogo, nasi wenye mshahara wa kubahatisha huchagua kidogo ya kila siku hata ikiwa mwisho wake ni ghali. Mwanamke anayepika ajua hesabu hii kuliko mhandisi. Lakini tumeanza kuweka akiba, mimi na mke wangu, katika kopo la maziwa, na kwa sasa tumenunua jiko la udongo lililofinyangwa vizuri, ambalo gunia moja hukaa ndani ya nyumba muda mrefu kuliko zamani.

Baba yule amepanda miche ya mikaratusi 200 kwenye ukingo wa shamba lake. Nilimsaidia siku moja kuchimba mashimo, na mikono yangu ya mwalimu ilitoka malengelenge, jambo lililowapendeza sana watoto wake. Miche hiyo haitafaa kuchomwa kabla ya miaka sita au saba. Waya wa mtego aliung’oa mbele yangu, akaufunga katika mlango wa banda la kuku.

Pembe ingali katika kabati la darasa, na chini yake kijana ameandika kwa mkono wake jina la mnyama, mahali alipokufa na kimo cha mlima. Muhula huu hajalipa bado. Mkuu wa shule aliponiletea orodha ya wenye deni nitie sahihi, jina lake lilikuwa la nne. Nimeomba nipewe mpaka mwisho wa mwezi.